Uhuru Park jioni: KICC ndani ya maji

Hamjambo wapendwa, karibuni tena. Leo niko Uhuru Park, Nairobi. Kwamba Mzee Kenyatta aliifungua 1969 mnajua, sitawachosha. Mimi nimefuata ziwa. Hili dogo hapa chini, ambalo wengi wetu tulipigiwa picha za utotoni tukiwa kwenye mashua.

Njoo saa kumi na moja jioni, si adhuhuri. Saa hii jua liko mgongoni mwangu, upande wa Upper Hill, na majengo ya mjini, pamoja na KICC, lile jumba refu la mikutano, yanapigwa mwanga usoni. Sasa nachuchumaa... nashusha kamera mpaka ikaribie kugusa maji... mnaona? KICC nzima, kichwa chini! Subirini upepo upite. Haya, maji yametulia. Hata lile duara la juu kabisa linaonekana.

Bakini hapo hapo na hiyo KICC. Ina ghorofa 28. Mwaka 1989 serikali ya chama cha KANU ilitaka kusimamisha humu bustanini jumba la ghorofa 60. Sitini, jamani! Ibebesheni KICC nyingine juu ya hii, na bado zinapungua ghorofa nne. Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira, akaandika barua, akaandika tena, akatukanwa mpaka bungeni, na hakurudi nyuma. Wafadhili wa nje wakajitoa, mradi ukafa. Kila nikifika ukingoni hapa namshukuru mama yule.

Najua mtaniandikia kuhusu Karura. Karura naipenda, yale maporomoko ni mazuri sana, ila kule unalipa langoni, halafu ni msitu, unaenda ili usahau mji. Mimi hapa nataka kuuona mji. Arboretum, ile bustani ya miti ya hapa Nairobi, nayo mliiomba, video yake inatoka wiki ijayo, kwa hiyo bonyeza kengele isikupite.

Nilikuwa nimepanga kuwaambia mje Jumapili. Hapana, nimebadilisha. Jumapili watu ni wengi, kupata nafasi ya kuchuchumaa ni kazi. Njoo siku ya kazi, ukitoka ofisini, kabla hujapanda matatu.

Ngoja, ngoja, tazameni. Kuna mtoto hapa kando yangu ameokota kokoto. Anarusha... KICC imevunjika vipande! Viduara vinapanuka, vinapanuka, vinafika ukingoni... na sasa ghorofa zinarudi moja moja. Mwanangu, rusha tena, nakurekodi.