Blake's 7: tamthilia ya anga ambayo mashujaa wake hawaaminiani

Tamthilia ya Blake's 7 ilianza kuonyeshwa na BBC tarehe 2 Januari 1978, ikamalizika tarehe 21 Desemba 1981, baada ya misimu minne yenye sehemu 13 kila mmoja. Nimeitazama tena yote, nikianza na toleo la diski za Blu-ray la msimu wa kwanza lililotoka mwaka 2024, na maoni yangu ni kwamba anayeitazama leo ataona vingi vya kumchekesha, lakini atasikia mazungumzo ambayo tamthilia nyingi za anga za siku hizi, pamoja na fedha zake zote, bado hazijayafikia.

Muasisi wake ni Terry Nation, yule aliyewabuni Dalek, maadui mashuhuri katika tamthilia nyingine ya BBC iitwayo Doctor Who, na ndiye aliyeandika peke yake sehemu zote 13 za msimu wa kwanza. Sehemu ya kwanza kabisa ingali nzito. Tuko duniani, katika mji uliofunikwa kwa kuba, ambako dola iitwayo Shirikisho huwatilia raia wake dawa za kuwalegeza katika chakula na maji. Roj Blake, anayeigizwa na Gareth Thomas, ni raia mtulivu asiyejua kwamba aliwahi kuwa kiongozi wa upinzani, akakamatwa, akafutwa kumbukumbu na kulazimishwa kuyakana hadharani yote aliyoyaamini. Salamu za video anazopokea kutoka kwa ndugu zake, wanaodaiwa kuishi katika sayari za mbali, ni za kughushi, kwa sababu ndugu hao waliuawa zamani. Anapoanza kuujua ukweli huu, watu waliomweleza wanauawa wote katika mkutano wao wa siri, naye hashtakiwi kwa kosa la kisiasa, maana hilo lingempa wafuasi. Anashtakiwa kwa kuwadhalilisha watoto, na watoto wenyewe wamepandikizwa kumbukumbu za uongo ili watoe ushahidi. Wakili wake, ambaye mwanzoni anaamini kwamba mteja wake ana hatia, anafuatilia jambo hilo pamoja na mkewe mpaka anapata hakika, na wote wawili wanauawa wakati meli ya wafungwa ikimchukua Blake. Yote haya yalirushwa saa za jioni, familia zikiwa sebuleni.

Baada ya mwanzo huo, Blake na wafungwa wachache wanapata chombo cha ajabu kilichotelekezwa angani, wanakiita Liberator, na vita dhidi ya Shirikisho vinaanza. Umbo la chombo hicho, lenye mikuki mitatu mbele na tufe la kijani nyuma, bado linapendeza, na sauti nzito ya kompyuta yake, Zen, iliyotolewa na Peter Tuddenham, ina haiba kuliko baadhi ya binadamu waliomo. Kwingineko umaskini wa bajeti haufichiki. Sayari nyingi ni machimbo yaleyale ya mchanga na kokoto, kituo cha nyuklia cha Oldbury kinajifanya kambi ya adui, kuta za studio hutikisika mtu akizigonga, na Orac, kompyuta yenye akili kuliko zote ulimwenguni, ni sanduku la plastiki angavu lenye taa za kumetameta ndani. Mtazamaji asiyeweza kuvumilia sanduku hilo asijisumbue kuendelea.

Anayevumilia atakutana na Kerr Avon. Paul Darrow anamwigiza mtaalamu huyu wa kompyuta, aliyefungwa kwa kujaribu kuiba mamilioni ya benki, kama mtu anayepima kila neno kabla ya kulitoa na kisha kulitoa ili liume. Avon hapiganii haki. Anakitaka chombo, na anangoja Blake afe au achoke. Blake naye si malaika, kwa kuwa imani yake katika mapambano inamfanya awe tayari kuwaponza wenzake, na katika msimu wa pili mmoja wao, Gan, anakufa kwa uamuzi wa Blake ambao Avon hachoki kumkumbusha. Hapo ndipo ilipo nguvu ya tamthilia hii: adui yuko nje, lakini hatari ya kweli imo ndani ya chumba kimoja na shujaa.

Mfano bora ni sehemu ya msimu wa nne iitwayo Orbit, iliyoandikwa na Robert Holmes. Avon na Vila, mwizi mwoga na mcheshi anayeigizwa na Michael Keating, wako katika chombo kidogo kinachoshindwa kupaa kwa sababu ya uzito. Wanatupa nje kila kinachong'oka, lakini bado kilo 70 zimezidi. Avon anauliza kitu gani kingine kina uzito huo, na Orac anajibu, bila hisia yoyote, kwamba Vila ana kilo 73. Vila amesikia. Anajificha, na Avon anamtafuta akiwa na bunduki mkononi, akimwita kwa sauti laini, kama rafiki anayeomba msaada. Hakuna mlipuko wala mwanga wa kompyuta. Kuna mtu mmoja anayelia kimya kimya nyuma ya ukuta na mwingine anayemtafuta. Njia nyingine inapatikana na wote wawili wanapona, lakini baada ya hapo utani wao hausikiki tena kama zamani.

Servalan, mkuu wa Shirikisho, anastahili kutajwa pia. Jacqueline Pearce alimpa nywele fupi sana na magauni ya kifahari, mengi yakiwa meupe, katikati ya askari wenye sare nyeusi na nyuso zilizofunikwa, na kila anapoingia sehemu nzima huchangamka. Wanawake wa upande wa Blake hawakubahatika hivyo. Jenna na Cally wanaanza kama rubani hodari na mpiganaji, kisha wanaishia kusimama kwenye mtambo wa kusafirishia watu na kusubiri amri. Dayna, anayeigizwa na Josette Simon, analetwa katika msimu wa tatu kama mtaalamu wa silaha mwenye kisasi cha baba yake, lakini waandishi wanamsahau mapema mno. Msimu huo wa tatu, ambao Blake hayumo ila kwa muda mfupi mwishoni, una sehemu kadhaa ambazo hazipotezi kitu zikirukwa.

Asiyetaka kujua mwisho aiache aya hii. Katika sehemu ya mwisho ya tamthilia yote Avon anampata Blake, anasikia maneno machache, anadhani amesalitiwa na kumpiga risasi; kumbe hakusalitiwa. Wenzake wanaanguka mmoja baada ya mwingine, naye anabaki amezungukwa na askari juu ya maiti ya Blake, ananyanyua bunduki na kutabasamu, kisha milio ya risasi inasikika majina ya waigizaji yakianza kupita. Ilikuwa siku nne kabla ya Krismasi.

Kuhusu diski zenyewe, picha za nje, zilizopigwa kwa filamu, zimesafishwa vizuri sana, na zile za studio zimebaki na ulaini wa video ya zama zake. Toleo linatoa nafasi ya kuchagua madoido mapya ya kompyuta au yale ya awali, na mimi nimeyachagua ya awali, kwa sababu chombo kipya chenye kung'aa kinafanya kuta za studio zionekane hafifu zaidi. Mgeni atazame sehemu nne za kwanza mfululizo, maana Cally, wa mwisho kati ya kundi la awali, anaingia katika ya nne. Asipovutiwa kufikia hapo, Blake's 7 si tamthilia yake.