Holy Ghost ya Albert Ayler: uzoefu wangu na kasha la diski kumi

Wageni wangu wakiliona kasha hili kabatini huuliza kama lina thamani ya pesa zake. Jibu langu ni ndiyo, tena bila kusita, ila si kwa mtu anayeanza kumsikiliza Albert Ayler leo. Holy Ghost ni mkusanyiko wa rekodi za mpuliza saksafoni huyu wa Cleveland, Ohio, kuanzia mwaka 1960 alipokuwa bado askari hadi Julai 1970, miezi minne kabla mwili wake haujaopolewa kwenye maji ya East River, New York. Alikuwa na miaka 34. Kampuni ya Revenant ya Texas iliutoa mkusanyiko huu mwaka 2004: diski saba za muziki, mbili za mahojiano, na moja ya nyongeza. Sehemu kubwa ya vilivyomo ni kanda za maonyesho, za redio na za mazoezi ambazo hazikuwahi kufika dukani. Kwa hiyo anayezitafuta santuri zake zinazojulikana, kama Spiritual Unity ya 1964, asizitarajie humu. Jambo hilo lieleweke kabla ya kutoa pesa.

Langu nililinunua kwa muuzaji wa vitu vilivyotumika, na bei yake haikuwa ya mchezo. Lilipofika nilishangazwa kwanza na uzito. Kasha ni la plastiki nyeusi iliyofinyangwa ikaiga sanduku la kuchongwa kwa mkono, lenye nakshi unazoweza kuzipapasa kwa kidole. Ukiinua kifuniko unakutana na kitabu cha kurasa 208 chenye jalada gumu, picha ya Ayler akiwa mtoto, karatasi ya tangazo la onyesho katika klabu ya Slugs', nakala ya jarida la The Cricket lililohaririwa na mshairi Amiri Baraka na wenzake, na ua moja lililokaushwa. Mke wangu alidhani mwenye kasha wa kwanza alilisahau ua lile humo, akataka kulitupa. Liliwekwa na watengenezaji, kila kasha na ua lake. Mtu aliyekaa akafikiria kitu kama hicho alimpenda huyu mwanamuziki, na upendo huo unauona katika kila kilichomo.

Nimesikiliza kwa mpangilio wa miaka, bila kuruka, na hivyo ndivyo ninavyoshauri. Diski ya nyongeza ni bendi ya jeshi la Marekani, 1960. Ayler ni askari kati ya askari, nota zimepangwa, kila mtu anakaa kwenye mstari wake. Kisha tunahamia Helsinki, Juni 1962, akiwa na kundi la mpiga gitaa Herbert Katz. Wanapiga Summertime na nyimbo nyingine ambazo kila mpiga jazi wa wakati ule alizijua kwa moyo. Wenzake wanapiga vizuri, kwa adabu, kama ilivyozoeleka. Yeye anaingia na sauti nene inayotetemeka, anaiparamia nota kutokea chini, anaichelewesha, anaiacha ining'inie mpaka unajiuliza kama ataifikisha. Hawakosani, lakini hawasafiri pamoja. Miezi mitano baadaye yuko Copenhagen na mpiga piano Cecil Taylor, na mara moja unasikia kwamba sasa amepata watu wanaomwelewa. Mmojawapo ni mpiga ngoma Sunny Murray, ambaye baadaye ndiye aliyesimama naye katika zile rekodi zilizompa jina.

Hao wawili pamoja na mpiga besi Gary Peacock wanasikika kwenye Cellar Café, New York, Juni 1964, wiki chache kabla ya kurekodi Spiritual Unity. Kwangu hapo ndipo kasha linapowaka. Murray hapigi mapigo ya kuhesabika. Matoazi yake yanatiririka tu, na besi ya Peacock inapita katikati yake ikitafuta njia. Juu yao Ayler anapiga Ghosts. Muziki wa Ghosts ni mwepesi kiasi kwamba mtoto akiusikia mara moja anaweza kuuimba. Anaupiga wote, mzima, kwa utulivu. Halafu anauchanachana: mayowe, minong'ono, sauti za juu kabisa ambazo saksafoni haikutengenezewa. Unapodhani umepotea kabisa, wimbo unarudi ukiwa mzima vilevile, na safari hii unausikia kama kitu kilichopita motoni. Kasha hili lina matoleo kadhaa ya wimbo huo kutoka miaka tofauti, na kuyasikia kwa kufuatana kumenifundisha kitu ambacho santuri moja moja haikuweza. Watu wengi walimwita mvunjaji wa muziki. Mimi namsikia mtu ambaye hakuwahi kuuacha wimbo hata siku moja.

Hilo linaonekana wazi zaidi kwenye kanda za klabu ya La Cave, Cleveland, Aprili 1966. Amerudi mjini kwao. Ndugu yake Donald anapuliza tarumbeta, Frank Wright saksafoni ya pili, Ronald Shannon Jackson yuko kwenye ngoma, na kuna kijana wa Kiholanzi, Michel Samson, anayepiga fidla kana kwamba yuko kwenye okestra iliyoshikwa na moto. Nyimbo sasa ni za gwaride na za kanisani, zinapokezana bila kusimama, mmoja unaingia kabla mwingine haujaisha. Mimi nimelelewa katika usharika wa KKKT, kanisa la Kilutheri, Kilimanjaro, na alfajiri ya Pasaka tuliamshwa na matarumbeta yakipigwa makaburini, nusu yakiwa yamepotoka sauti kwa baridi, na hakuna aliyejali, kwa sababu waliopiga walikuwa wanatangaza kwamba kaburi liko wazi. Niliposikia Donald anafyatua zile nota zake fupi kali na kaka yake akimjibu, nilielewa bila kuelezwa. Ayler mwenyewe tangu utoto alipuliza saksafoni kanisani pamoja na baba yake. Hakuiga kanisa kutoka mbali.

Kanda za Berlin na Rotterdam za Novemba mwaka huohuo zina sauti safi zaidi, na kama unataka kumsikilizisha rafiki ambaye hajazoea, tumia hizo. Kanda ya tamasha la Newport la 1967, akiwa na Milford Graves kwenye ngoma, ina nguvu ya kutisha.

Kisha kuna mazishi ya mpuliza saksafoni John Coltrane. Coltrane alifariki tarehe 17 Julai 1967, na alikuwa ameomba Ayler na mpuliza saksafoni mwingine, Ornette Coleman, wapige muziki kwenye ibada yake. Ilifanyika tarehe 21 katika kanisa la Kilutheri la Saint Peter's, New York. Kanda ni mbovu sana, kama vile kinasa sauti kilifichwa chini ya kiti nyuma kabisa ya kanisa: besi ya Richard Davis huisikii, ngoma ni vishindo vya mbali, na mwangwi unameza vingi. Urefu wake ni kama dakika sita. Ayler anaunganisha Love Cry, Truth Is Marching In na Our Prayer, na katikati anaitoa saksafoni mdomoni na kupaza sauti yake mwenyewe. Sikuweza kuendelea na diski hiyo siku ile. Nimesoma maoni ya watu wanaosema rekodi mbovu namna ile isingefaa kutolewa. Nawaheshimu, lakini mimi ningelipa bei nzima kwa ajili ya dakika hizo tu. Hapa kuna mtu anayemlilia aliyemfungulia njia, maana Coltrane ndiye aliyeisukuma kampuni ya Impulse! imchukue Ayler, na anafanya hivyo mbele ya jeneza, bila kupunguza kitu.

Jina la kasha nalo linatoka hapo karibu. Ayler alisema Coltrane ndiye Baba, mpuliza saksafoni Pharoah Sanders ndiye Mwana, na yeye ni Roho Mtakatifu, yaani Holy Ghost. Ndiyo maana nilifurahi kukuta kipande cha Januari 1968 ambamo anapiga ndani ya kundi la Sanders. Baba ameshaondoka, hao wawili wamebaki, na wanapigiana kelele za furaha.

Baada ya hapo kasha linashuka kidogo, niseme ukweli. Kuna nyimbo za majaribio za 1968, wakati Ayler alipogeukia muziki wa soul, na Bernard Purdie akipiga ngoma za kuchezeka, huku mwenza wake Mary Parks akiimba na kuandika maneno. Wakosoaji wa wakati ule walimshambulia kwamba amejiuza. Siamini hivyo, maneno yake ni mahubiri yaleyale ya upendo na amani. Lakini ngoma zile za mapigo yaliyonyooka zinambana, na sauti yake kubwa inakosa pa kupumulia. Nimezirudia kwa nia njema, na bado sijazipenda. Kanda ya ndugu yake Donald ya 1969 ni ya kumbukumbu zaidi kuliko ya kusikilizwa kila mara.

Mwisho wa muziki ni Ufaransa, Julai 1970, siku zilezile za matamasha yake kwenye jumba la sanaa la Fondation Maeght. Anapuliza polepole, kwa sauti pana, kama mtu asiyedaiwa na yeyote. Ukijua kilichokuja Novemba, ni vigumu kusikiliza bila kutafuta dalili. Nimetafuta, sikuziona. Nasikia mtu aliyeridhika na watu walio mbele yake.

Diski mbili za mahojiano nilidhani ningezisikiliza mara moja na kuziweka. Imekuwa kinyume. Anahojiwa Copenhagen mwaka 1964, na tena Ufaransa mwaka 1970, na sauti yake ni ya chini, ya upole, karibu ya aibu. Baada ya saa nyingi za mayowe yale, unamsikia akijibu taratibu, akimsubiri anayemhoji amalize swali. Mpuliza tarumbeta Don Cherry naye anazungumza juu yake, kwa upendo mwingi. Lakini ni Kiingereza chote, na sehemu nyingine kanda ina makelele, hivyo inataka utulivu na spika za masikioni.

Kitabu ni kazi ya kweli. Kuna makala ya Val Wilmer, aliyewajua na kuwapiga picha wanamuziki wa kizazi hicho, na ya Baraka, na maelezo ya kila kanda: nani yuko, wapi, siku gani. Nimekitumia mpaka mgongo wake umeanza kulegea. Lalamiko langu kubwa kwa kasha ni la kimatumizi tu. Ni pana na halikai kwenye rafu ya kawaida, na vitu vile vidogo vinateleza huku na huku kila unapofungua. Ua nimelihamishia ndani ya kitabu.

Kwa anayefikiria kulinunua, sikiliza Spiritual Unity kwanza, kisha santuri ya Love Cry. Kama zote mbili zimekugusa, anza kutafuta kasha hili, na ukague kabla ya kulipa kama kitabu na karatasi zote zimo, kwa sababu makasha mengi yanayouzwa tena yamepungukiwa. Ukilipata, usianze na mazishi. Anza na bendi ya jeshi, uende mwaka kwa mwaka, na La Cave uisikilize kwa sauti kubwa, mchana, majirani wakiwa kazini.