Kutobolewa goti kwa ajili ya gegedu: daktari hakuligusa hata goti lenyewe

Nyota moja, na hiyo ni ya MRI, mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili, maana angalau yenyewe ililitazama goti. Daktari wa mifupa aliinua picha, akasema gegedu, lile tabaka laini linalofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, limelika, tutatoboa, akavuta fomu. Hakulikunja, hakulibonyeza, hakuuliza kama huwa linakwama. Na swali la kukwama ndilo kubwa! Goti linalogoma kunyooka kwa sababu kipande kimekatika na kinaelea ndani ya kiungo, hilo ni la kupasuliwa. Goti la mtu mzima linalouma tu akipanda ngazi ni habari nyingine kabisa.

Kutoboa kwenyewe hakukuelezwa, basi nieleze mimi. Gegedu halina mishipa ya damu, hivyo likilika halijiponyi. Kidonda husafishwa hadi mfupani, kisha mfupa hutobolewa vitundu vilivyoachana milimita 3 hadi 4 ili damu ya uboho ivuje na kuganda pale. Kinachoota ni kovu, si gegedu la asili, na baada ya miaka kadhaa kovu hilo huweza kuchakaa. Hufaa kidonda kidogo, cha sentimita 2 za mraba hivi, chenye kingo nzima. Halafu magongo wiki 6 hadi 8, goti likikunjwa kila siku bila kubebeshwa uzito. Ukilikanyagia mapema, damu iliyoganda inang'oka, na kazi yote bure.

Ama goti lililosagika kwa umri, kuliingizia kamera "kulisafisha" ni hasara tupu. Katika jaribio la Marekani lililochapishwa 2002, waliochanwa ngozi tu walipata nafuu ileile ya waliosafishwa.

Basi mazoezi? Ndiyo, ila wa fiziotherapia nao wasijisifu. Kulazwa chini ya taa ya joto na kubandikwa vibandiko vya umeme si kujenga goti. Kinachosaidia ni kuutwika mzigo msuli wa paja na wa nyonga: kuketi na kuinuka kitini, kupanda kidaraja, seti 3 za mara 8 hadi 12, siku 3 kwa wiki, wiki 12, mzigo ukiongezwa taratibu. Maumivu yakitulia ndani ya saa 24, endelea. Yasipotulia, punguza kina cha kuchuchumaa, usiache.

Nilikusudia kuandika msipasuliwe kamwe. Siwezi. Kijana aliyeumia uwanjani, kidonda kimoja kidogo, mazoezi yameshindwa kweli, atobolewe. Ila kabla ya kusaini aulize ukubwa wa kidonda kwa sentimita, hali ya kingo, na kama mguu una matege, kwa sababu kwenye matege uzito huelemea upande wa ndani na kovu jipya litasagwa vilevile. Daktari anayejua kazi hujibu hayo kwa dakika mbili. Yule wangu alinuna.