Kwenda Moroko na gari toka Uingereza: Calais au Santander?

Njia ninazolinganisha hapa ni mbili na wengi wanaangalia bei ya tiketi ya meli tu, hapo ndo wanakosea. Dover kwenda Calais, Ufaransa, ni kama saa moja na nusu melini na nauli yake nafuu, ila ukishuka una zaidi ya kilomita 2,000 mpaka Algeciras, bandari ya kusini mwa Hispania, na barabara kuu za Ufaransa nyingi ni za kulipia, weka mafuta, weka hoteli siku mbili tatu, alafu usukani wako uko kulia na kule wanaendesha kulia kwahiyo kwenye vibanda vya malipo ukiwa peke yako ni kushuka shuka tu.

Portsmouth kwenda Santander nauli imechangamka kweli, unakaa melini zaidi ya saa 24, na wakati wa baridi ghuba ya Biscay inachafuka, kama unatapika baharini jipange. Lakini unashukia Hispania kabisa, umelala, umebakiza kama kilomita 1,100. Kwa familia yenye watoto mi nachagua hii bila kufikiria mara mbili.

Huku mwisho njia zote zinakutana: Algeciras unapanda meli ya Tanger Med, bandari ya Moroko iliyo nje ya mji wa Tangier, au unapandia Tarifa, hapo hapo kusini mwa Hispania, meli inayokushusha Tangier mjini.

Wenye paspoti za Tanzania sikilizeni, viza ya Schengen (ile moja ya nchi nyingi za Ulaya, zikiwemo Ufaransa na Hispania) iwe ya kuingia zaidi ya mara moja, maana Moroko haimo humo, na kurudi kwa njia hizi unapita Hispania tena.