Vibao vya kukatia nilivyochongewa Keko, baada ya muhula mmoja na darasa la tano

Kibao chenyewe, cha mtoto kukatia mti kwa msumeno, ukikiona juu ya dawati unaweza kudhani ni cha kukatia mboga, ila kimeongezewa vipingo viwili, yaani vipande vya mbao vya kuzuia. Kimoja kiko chini, kwenye ukingo ulio karibu na mtoto, na kingine kiko juu, kwenye ukingo wa mbali. Kile cha chini kinang'ang'ania dawati. Cha juu ndicho mtoto anachoegemezea mti wake anapokata. Akisukuma msumeno, kibao hakisogei na mti hausogei. Hakitaki jiliwa (kile kibano cha fundi) wala skrubu, na kipindi kikiisha vinapangwa kabatini kama vitabu.

Nilivichongesha kwa fundi mmoja wa Keko, hapa Dar es Salaam, pale ambapo vitanda na makabati yamepangwa mpaka karibu na lami. Niliagiza 12, shilingi 5,000 kila kimoja, pamoja na fimbo nyembamba za mbao zenye upana wa sentimita moja kila upande. Misumeno midogo ya chuma, yenye bledi ya inchi 6, nilinunua kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Klabu yetu ya ufundi shuleni ina watoto 24 wa darasa la tano, kwa hiyo kila wawili wanatumia kibao kimoja: mmoja anakata, mwenzake anapima kinachofuata.

Kabla ya hapo watoto walikuwa wanakatia magotini, au mmoja anakandamiza mti kwa viganja vyote viwili huku mwingine anakata. Mwaka jana msumeno uliteleza ukamkwaruza mtoto kidole gumba. Jeraha lilikuwa dogo, lakini nilifunga misumeno kabatini, na kwa miezi kadhaa klabu ikabaki ya kuchora na kubandika karatasi tu. Naandika haya kwa sababu najua walimu wengi wamefika hapo hapo na kukata tamaa.

Wazo nililipata kutoka kwa walimu wa Uingereza. Kule somo la usanifu na teknolojia liliingia kwenye mtaala wa taifa mwaka 1990, na linaanza na watoto wa miaka mitano. Kibao cha namna hii maseremala wanakijua tangu zamani, lakini walimu wa shule za msingi wa kule wanakitumia kwa kazi moja nzuri sana: fremu ambazo wao wanaziita za Jinks. Mtoto anakata fimbo nne, anazipanga ziwe mstatili, halafu kila kona anaibandika pembetatu ya karatasi ngumu kwa gundi nyeupe ya mbao, juu na chini. Hakuna msumari hata mmoja. Sisi pembetatu tunazikata kwenye maboksi ya sabuni.

Hapa ndipo kipindi changu kizuri kuliko vyote mwaka huu kilipotokea. Niliwaambia kwanza wagundishe kona bila pembetatu, wasubiri ikauke, kisha wabonyeze kona moja kwa kidole. Fremu zote zililala upande kama boksi lililokanyagwa, na nyingine zikaachia kabisa. Tukarudia kwa pembetatu. Safari hii walibonyeza kwa nguvu na fremu zikakataa kuinama. Mtoto mmoja, ambaye baba yake ni fundi wa kuezeka, akasema, "Mwalimu, hii si ndiyo kenchi?" Tukatoka nje wote kutazama kenchi, yaani zile pembetatu za mbao zinazobeba paa la darasa. Pande tatu za pembetatu zikishafungwa pamoja haziwezi kubadili umbo bila mojawapo kuvunjika au kupinda. Pande nne zinaweza. Nimefundisha pembetatu ubaoni miaka mingi, na sijawahi kuona darasa likiielewa kwa kidole.

Kazi ya muhula ilikuwa kigari cha mfano cha kubebea dumu la maji, kwa sababu watoto wetu wengi wanachota maji kabla ya shule. Dumu lenyewe liliwakilishwa na chupa ya nusu lita iliyojaa. Kabla ya kugusa msumeno kila wawili walichora na kujibu swali moja: nani atakivuta? Binti mmoja alishusha kitako cha gari lake mpaka karibu kabisa na ardhi kwa kuwa, alivyoniambia, mdogo wake hawezi kunyanyua dumu kufika kiunoni. Hilo ndilo ninalolitafuta katika somo hili, kuliko hata ukataji ulionyooka.

Magurudumu yalikuwa ya soli za ndala zilizochakaa, ekseli ni vijiti vya mishikaki, na kila kijiti kinazunguka ndani ya bomba la kalamu iliyokwisha wino, lililogundishwa kwenye fremu. Waliobandika kijiti moja kwa moja kwenye mti waligundua wenyewe kwamba gari haliendi. Waliotoboa tundu pembeni ya kitovu waliona gari linachechemea, wakarudi kupima.

Sasa mapungufu, na mengine yanamhusu fundi. Fimbo za kwanza alizoniletea zilikuwa mabaki ya mninga. Ni mbao nzuri kwa kitanda, lakini mtoto wa miaka kumi anaisugua mpaka mkono unamuuma na alama ya msumeno bado ni ndogo. Niliporudi alinibadilishia kwa paini, ile inayotoka mashamba ya miti ya Sao Hill, Iringa, na mara moja kila mtoto akawa anamaliza mkato mmoja kabla mwenzake hajamaliza kupima. Sema paini tangu mwanzo. Pia vibao viwili alivipigia vipingo kwa misumari, na bledi moja ikapoteza meno kwenye kichwa cha msumari. Vipingo viwe vya gundi na vijiti vya mbao, basi.

Kosa kubwa zaidi lilikuwa langu. Kipingo cha juu kinatakiwa kiishie kabla ya ukingo, ili msumeno ukatie kwenye ile nafasi na usile dawati. Niliagiza nafasi hiyo upande wa kulia kwenye vibao vyote. Nina watoto watatu wa mkono wa kushoto. Wiki mbili nzima niliwaona wanajipinda, mikato yao imekwenda mshazari, na mmoja akaanza kusema yeye hajui ufundi. Fundi alivibadilisha vibao vitatu bila kunidai kitu, akasogeza kipingo nafasi iwe kushoto, na yule binti aliyesema hajui ufundi ndiye huyo wa gari lililo chini.

Kwa darasa zima la watoto 80 vibao 12 havitoshi, na sitamshauri mwalimu aliye peke yake agawe misumeno kwa watoto wengi hivyo kwa mpigo. Mimi nikiwa na darasa lote wanakata wanane tu karibu na meza yangu, wengine wanachora, wanapima au wanapiga msasa, kisha tunabadilishana. Kazi inachukua majuma mengi kwa mtindo huo, lakini inafika mwisho.

Gharama yote ya vibao, fimbo na misumeno haikufika shilingi 120,000, na muhula ulipokwisha kilichopungua ni bledi mbili na gundi. Nimeagiza vibao sita zaidi, vitatu vya kushoto. Fundi nimemwachia kibao cha yule binti akitazame anapochonga, na ameahidi kukirudisha kabla shule haijafunguliwa.