Kikoba chenye kufuli tatu: tathmini baada ya mizunguko miwili

Sanduku la kikoba chetu, yaani kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, ni la bati zito lililopakwa rangi ya bluu, na fundi wa kuchomelea wa hapa Morogoro alitutengenezea kwa shilingi 85,000, kufuli tukinunua wenyewe. Lina pete tatu za kutia kufuli. Kila kufuli ina ufunguo wake, kila ufunguo unakaa kwa mwanachama tofauti, na sanduku linalala nyumbani kwa mweka hazina, ambaye hana ufunguo hata mmoja. Anayesikia maelezo haya kwa mara ya kwanza hudhani anaelezwa habari za ulinzi wa fedha, nami nilidhani hivyo nilipojiunga. Kusema kweli, mwizi mwenye tindo hahitaji ufunguo. Baada ya mizunguko miwili, yaani karibu miaka miwili ya mikutano ya kila wiki, nimeona kwamba kitu anachonunua mwanachama wa kikoba ni macho ya wenzake, na kwa upande wetu ni macho ya watu 24. Tathmini hii ni ya macho hayo, yanapomfaa mtu na yanapomponza.

Utaratibu huu haukuanzia kwetu. Mwaka 1991 shirika la CARE lilianza kuufundisha kwa wanawake wa Maradi, nchini Niger, kwa jina la Kihausa Mata Masu Dubara, na kutoka huko ukaenea katika nchi nyingi za Afrika ukibadilishwa majina. Tanzania umezoeleka kwa jina la VICOBA, na vikundi vya aina hiyo vimewekwa katika daraja la nne la Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, hivyo vinatakiwa kusajiliwa. Wapo wanaouchanganya na upatu, lakini katika upatu fedha humwendea mmoja kwa zamu na sanduku hubaki tupu, ilhali katika kikoba fedha hukopeshwa kwa riba na faida hugawanywa siku ya kuvunja, mwisho wa mzunguko. Katika kikundi chetu hisa moja ni shilingi 5,000, na mwanachama hununua kuanzia hisa moja hadi tano kwa kila mkutano. Mfuko wa jamii, wa kusaidiana wakati wa shida, ni shilingi 1,000 kwa wiki. Anayechelewa hutozwa shilingi 500, na simu ikilia mkutanoni ni shilingi 1,000, faini ambayo imetuingizia fedha nyingi kuliko tulivyotarajia. Mkopo haupiti mara tatu ya hisa za mkopaji, na riba ni asilimia 5 kwa mwezi.

Kwa kazi ya kumfanya mtu aweke akiba, sijapata kuona huduma inayoishinda. Nimefundisha shule kwa miaka 15 nikiwa na akaunti ya benki muda wote huo, na sikumbuki mwezi ambao akaunti hiyo ilivuka salama hadi mshahara mwingine. Katika mzunguko wa kwanza wa kikoba niliweka hisa 196, sawa na shilingi 980,000. Mshahara ulikuwa uleule na watoto walikuwa walewale. Tofauti ni kwamba benki haioni nisipoweka, wala haishtuki. Kikobani tunaketi kwa mpangilio wa namba, katibu anaita, na mwenye namba anasimama, anataja hisa zake kwa sauti, anakabidhi fedha mbele ya wote, na mihuri inagongwa katika daftari lake huku kila mtu akihesabu milio ya mhuri. Namba yangu ni 12. Mtu akishasikia namba 9, 10 na 11 wakisema "tano," neno "moja" huwa zito sana mdomoni.

Hapo ndipo kasoro ya kwanza ilipojificha, na ilinichukua mzunguko mzima kuitambua. Wiki nyingi nilinunua hisa tano kwa sababu walionitangulia walinunua tano, wala sikuwa nimepiga hesabu yoyote nyumbani. Wiki mbili nilikopa kwa mwalimu mwenzangu ili ninunue akiba, jambo ambalo nikiliandika sasa nalicheka, lakini siku ile lilionekana kuwa la busara kabisa. Baadaye niligundua kwamba namba 11 naye alikuwa akimtazama namba 10. Safu yetu yote ilikuwa ikipanda ngazi ambayo hakuna aliyeiweka.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi, nayo inahusu upitishaji wa mikopo. Mwanachama mmoja aliyependwa na wote, ambaye hakuwahi kuchelewa hata siku moja, aliomba shilingi 1,800,000 za kufungua meza ya pili ya vyombo vya plastiki. Meza yake ya kwanza ilikuwa haiendi vizuri, na kila aliyepita sokoni alijua. Mwenyekiti alisema wanaokubali wanyooshe mikono. Mikono ya safu ya mbele ikapanda, ikafuata ya pili, kisha mwenyekiti akanigeukia kwa heshima: "Mwalimu, wewe unasemaje?" Nikajibu kwamba nakubaliana na wenzangu, na mkono wangu ukapanda. Miezi minne baadaye marejesho yalikatika, na siku ya kuvunja kila mmoja wetu alikatwa sehemu yake ya hasara. Tukiwa njiani kurudi nyumbani, akina mama wawili waliniambia kwamba siku ile mioyo yao ilikataa tangu mwanzo. Sisi watatu tulikuwa na jibu moja, na kila mmoja alidhani yuko nalo peke yake.

Mwaka 1951 mwanasaikolojia Solomon Asch alichapisha nchini Marekani matokeo ya jaribio ambalo, kwangu mimi, linaeleza mkutano ule vizuri kuliko mtu yeyote aliyekuwepo. Mshiriki aliketishwa pamoja na watu ambao, bila yeye kujua, walikuwa wamepangwa na mtafiti, kisha wote wakaonyeshwa mstari mmoja na kuulizwa ni upi kati ya mistari mitatu mingine ulio sawa nao kwa urefu. Jibu lilikuwa wazi, na mtu akiulizwa akiwa peke yake hakosei ila kwa nadra. Lakini wale waliopangwa walipotaja kwa sauti jibu lisilo sahihi, mmoja baada ya mwingine, karibu theluthi moja ya majibu ya washiriki ilifuata kosa hilo, na kama robo tatu yao walilifuata angalau mara moja. Mambo mawili katika majaribio yake yalinigusa kuliko hayo. Alipokuwepo mtu mmoja tu aliyetaja jibu sahihi, wanaofuata wengi walipungua sana. Na mshiriki aliporuhusiwa kuandika jibu lake faraghani, walipungua pia. Ikiwa watu hukana wanachokiona kwa sababu ya mistari tu, mbele ya watu wasiowajua, itakuwaje mbele ya mtu atakayekuja msibani kwako kesho?

Nilipeleka pendekezo kwamba kura za mikopo mikubwa zipigwe kwa siri: punje ya mahindi kwa anayekubali, punje ya harage kwa anayekataa, zikidondoshwa katika kopo lenye mdomo mwembamba. Mwenyekiti hakupendezwa. Alisema, "Mwalimu, hapa sisi ni ndugu, na ndugu hawafichani." Mama mmoja mtu mzima, ambaye huzungumza mara chache, akamjibu, "Ndugu ndio wanaoogopana, mwanangu." Watu walicheka, na kicheko kile kilifanya kazi ambayo hoja zangu hazikuifanya. Ombi la kwanza lililopigiwa kura namna hiyo lilipata mahindi 15 na maharage 9, likakosa theluthi mbili zinazotakiwa na katiba yetu, nami sina shaka kwamba kwa mikono lingepita bila ubishi. Mwombaji alinuna wiki moja, akapunguza kiasi, akapata mkopo na akaulipa wote. Kwa hiyo kwa anayetaka kuanzisha kikoba, kopo hilo ninaliweka mbele ya kufuli zote tatu, na halina gharama.

Kuna jambo dogo la wahesabu fedha. Tuna watatu, nasi tuliamini kwamba watatu ni salama kuliko mmoja. Zilipungua shilingi 40,000 kwa wiki tatu bila kugunduliwa, hakuna aliyeiba, ila mtoa chenji alikosea, na kila mhesabu alipita juu juu akijua kwamba wenzake wawili wamehesabu. John Darley na Bibb Latané walilionyesha hili mwaka 1968 katika jambo zito zaidi: mshiriki aliyeamini kwamba ni yeye peke yake anayemsikia mwenzake akipatwa na kifafa chumba cha pili alitoa taarifa mara 85 kati ya 100 kabla mgonjwa hajanyamaza, lakini alipoamini kwamba wapo wengine wanne wanaosikia, ilikuwa mara 31 tu. Tulichofanya ni kumtaka mhesabu mmoja kwa zamu aandike jina lake chini ya hesabu ya siku. Tangu hapo hesabu inachukua dakika kumi zaidi na inakubali.

Lakini nisiwe kama anayekilaumu kikoba kwa sababu ya kukizoea, maana mtu ataiona thamani yake akikilinganisha na mikopo ya vikundi inayotolewa na baadhi ya wakopeshaji mitaani, ile ambayo watu wameipa jina la kausha damu. Jirani yangu anayeuza maandazi aliingia katika kikundi cha watu watano chini ya taasisi ambayo sitaitaja. Kila wiki hukaa katika chumba kimoja, na hakuna anayeondoka mpaka marejesho ya wote watano yatimie. Wiki aliyouguliwa na mtoto, wenzake wanne, wanawake anaosali nao, walimfuata nyumbani na kubeba televisheni yake. Mmoja wao alilia huku akiibeba. Haya pia ni macho ya wenzako, ila hapa yamekodishwa kwa mtu wa nje, ambaye wala hayupo chumbani.

Watetezi wa mikopo ya namna hiyo hutaja mfano wa Muhammad Yunus, aliyeanza kukopesha wanawake wa kijiji cha Jobra, nchini Bangladesh, mwaka 1976, na ambaye Grameen Bank aliyoianzisha ilitunukiwa pamoja naye Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2006. Ni kweli benki hiyo iliwapanga wakopaji katika vikundi vya watu watano. Hata hivyo, wachumi Xavier Giné na Dean Karlan walipochunguza benki moja ya Ufilipino iliyoondoa sharti la kulipiana madeni huku ikiendelea na mikutano ya pamoja, hawakuona kwamba wasiolipa waliongezeka. Nauelewa utafiti huo kutokana na nilivyoona mwenyewe: watu walikuwa wakilipa kwa sababu wanaonana kila wiki, na televisheni ya mtu haikuhitaji kuguswa.

Programu za mikopo za simuni zimekwenda mbali zaidi, kwa kuwa baadhi yake humtumia ujumbe wa aibu kila aliyemo katika orodha ya majina ya mkopaji, awe mkwewe au fundi wake wa bomba. Mwezi wa Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni, na nilipoisoma niliwaza juu ya mfuko wetu wa jamii. Baba yangu alipofariki, wanachama walifika na shilingi 100,000 ambazo hazirudishwi, wakapika, wakaosha vyombo, na katibu, yule anayetangaza madeni yangu mbele ya watu, ndiye aliyekesha akipokea wageni. Macho yanayolijua deni la mtu yalikuwa yanaujua na msiba wake.

Ninakipendekeza kikoba kwa mwenye kipato kidogo au cha kati anayeishi karibu na wenzake na anayeweza kutoa saa mbili kila wiki bila kukosa. Simshauri mtu anayesafiri mara kwa mara, wala asiyeweza kabisa kusema hapana mbele ya watu, isipokuwa kikundi kina kopo la kura. Aulize pia kabla ya kujiunga kama hisa hutangazwa kwa sauti, kwa sababu sisi bado tunazitangaza. Pendekezo langu la kuziandika kwenye karatasi lilikataliwa, na safari hii lilikataliwa kwa punje, mahindi 6 dhidi ya maharage 18, nami nimelikubali.

Mzunguko wa tatu umeanza wiki mbili zilizopita. Nilipiga hesabu nyumbani, nikaiandika katika jalada la daftari langu. Namba 9 alisema tano, namba 10 tano, namba 11 tano. Niliposimama nikasema tatu, katibu aliinua macho na kuuliza, "Tatu, Mwalimu?" Nikasema tatu. Mhuri ukagongwa mara tatu, nikaketi, na mama wa namba 13 aliyekuwa ameshika noti tano za elfu tano mkononi alizitazama kidogo, akazirudisha tatu kwenye mkoba, akasimama.