Canon EF 70-200mm f/4L USM: Lenzi ya Treni za Mizigo na Vihenge vya Nyanda za Juu Kusini

Kwa misimu mitatu ya mavuno nimekuwa nikipiga picha za treni za mizigo za TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, na za maghala ya nafaka katika miji midogo iliyo kati ya Makambako na Mbeya, na karibu kazi hiyo yote nimeifanya kwa lenzi moja niliyoinunua ikiwa imekwisha kutumika, yaani Canon EF 70-200mm f/4L USM. Lenzi hii ilitoka mwaka 1999, na baada yake yametoka matoleo mawili yenye kidhibiti mtikisiko, la mwaka 2006 na la mwaka 2018. Ninaizungumzia ile ya kwanza kwa kuwa ndiyo ambayo mtu wa kipato cha kawaida anaweza kuimudu.

Uzito wake ni gramu 705, chini ya nusu ya uzito wa ndugu yake mkubwa wa f/2.8 (namba ndogo ya f maana yake tundu pana zaidi la kuingiza mwanga) mwenye kidhibiti mtikisiko. Tofauti hiyo haionekani dukani, ila huonekana pale unapotembea kandokando ya mashamba ya mpunga kutoka Igurusi ukitafuta mahali ambapo reli inapinda, kisha ukakaa saa nne bila kujua treni itapita lini, kwa kuwa treni za mizigo hazina ratiba inayobandikwa ukutani. Jambo la pili lililonifurahisha ni kwamba urefu wake haubadiliki unapovuta picha karibu, kwa sababu vioo vinasogea kwa ndani. Lenzi zinazorefuka na kufupika huvuta hewa kila zinaposogezwa, na hewa ya Usangu mwezi wa Septemba ni vumbi tupu. Hata hivyo, toleo hili halina mpira wa kuzuia maji na vumbi pale inapoungana na kamera, hivyo mimi hubadilisha lenzi ndani ya gari au sibadilishi kabisa.

Ubora wake halisi niliujua kwenye tambarare ya Usangu. Reli hii ya kilomita 1,860, iliyojengwa kwa mkopo wa China na kukabidhiwa mwaka 1976, katika eneo hili inatoka Makambako, inapita Rujewa, Chimala na Igurusi, kisha inapanda kuelekea Uyole, ambako ndiko kimo chake cha juu kabisa, takriban mita 1,789 kutoka usawa wa bahari. Kwa upande wa kusini milima imesimama kama ukuta. Ukisimama karibu na reli kwa lenzi fupi, injini inakuwa kubwa na mlima unabaki mstari mwembamba nyuma yake. Ukirudi nyuma nusu kilomita na kutumia milimita 200, yaani mvuto wa mwisho wa lenzi hii, mlima unajaa nyuma ya mabehewa kama vile umeegemea juu yake. Wengi husema lenzi ndefu inauvuta mlima. Ukweli ni kwamba kinachobadilisha uwiano huo ni umbali uliosimama, na lenzi inakuruhusu tu kusimama mbali bila kupoteza picha. Nimelieleza hili kwa urefu kwa sababu anayelielewa hatahangaika kutafuta milimita 400.

Huo umbali nao una gharama yake. Kuanzia saa nne asubuhi joto hupanda kutoka kwenye kokoto za reli na mazigazi huanza kucheza, nayo namba za mabehewa hutetemeka kwenye picha kana kwamba zimeandikwa juu ya maji. Hilo si kosa la lenzi, na hakuna kioo cha bei yoyote kitakacholiondoa. Dawa ni kufika saa kumi na mbili alfajiri. Wakati huo, hasa mwezi wa Juni na Julai, ukungu wa Inyala na Uyole unapunguza mwanga sana, na hapo ndipo utakapokumbuka kwamba toleo hili halina kidhibiti mtikisiko. Treni ya mizigo inayopanda mlima haiendi kasi, kwa hiyo shata ya 1/320 ya sekunde inatosha kuisimamisha, lakini mkono wako nao lazima utulie. Mimi hupandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, hadi 1600, naegemeza kiwiko kwenye nguzo, na picha mbili kati ya tano hunitosha.

Kwa vihenge mambo ni mepesi zaidi. Vile vya chuma vya NFRA, Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, pale Makambako vinang'aa mno saa za mchana, na kamera ikiachiwa ijipimie mwanga yenyewe hudanganyika. Ni afadhali kwenda jioni. Ukivipiga kwa karibu huku umeinua kamera, vinaonekana kama vinaangukia nyuma. Ukivipiga kwa mbali kwa milimita 100 au 135, kuta husimama wima, na paa za bati za nyumba za watu huingia kwenye picha zikiwa chini yake, jambo ambalo kwangu ndilo linaloipa picha maana.

Kasoro ninayoilalamikia zaidi ni rangi. Lenzi ni nyeupe, na nyeupe kando ya reli haipiti bila kuulizwa. Siku moja karibu na Igurusi, baada ya kumwamkia shikamoo, mzee mmoja aliitazama kwa muda mrefu kisha akaniuliza, "Mwanangu, hicho ni cha kupimia? Mnakuja kutuwekea X?" Alidhani mimi ni mpima ardhi niliyekuja kutia alama ya X, ile ya kubomolewa, kwenye nyumba zilizo ndani ya hifadhi ya reli. Nilimwonyesha picha kwenye kioo cha kamera, tukacheka, lakini tangu siku hiyo naivalisha soksi nyeusi ya mpira wa miguu iliyokatwa kidoleni. Na soksi haiondoi haja ya ruhusa: stesheni, madaraja na maghala ya serikali si mahali pa kupiga picha kwanza na kujieleza baadaye. Anza kwa mkuu wa kituo, mweleze unachotaka, ukubali akikataa.

Anayepiga harusi ukumbini asiinunue; f/4 bila kidhibiti mtikisiko itamtesa. Anayepiga vitu vikubwa vilivyo nje, vyenye subira, hana sababu ya kuongeza fedha kwa toleo jipya, labda kama anaishi penye mvua nyingi kama Tukuyu. Unapoikagua ya mtumba, imulike kwa tochi ukitazama upande wa pili, uone kama kuvu imeotesha nyuzi nyeupe ndani ya vioo, kwa maana hiyo haifutiki kwa kitambaa. Yangu hukaa kwenye ndoo ndogo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu.